Kabla ya Ulaya, kakae kwanza kwenye nyumba ya watu

Kila mwaka kati ya Mei na Septemba, Mwanza hujaa vijana wasio na ratiba. Mtihani wa kidato cha sita wameshamaliza Mei, matokeo ni Julai, baadhi wameitwa JKT, wengine wapo wapo tu. Wachache miongoni mwao, ambao wazazi wana uwezo au wenyewe wamepata ufadhili, wanasubiri kwenda kusoma nje: China, India, Uturuki, Algeria, Ujerumani. Uliza maandalizi yamefikia wapi, utatajiwa paspoti, viza, vyeti vilivyopelekwa kuthibitishwa, begi kubwa la magurudumu na makoti mawili ya mtumba kutoka Mlango Mmoja. Lugha hutajwa mwishoni, tena kwa maneno mawili: "Akifika ataizoea."

Maneno hayo huja kugharimu kuliko begi, koti na paspoti vikijumlishwa, na ndiyo ninayotaka kubishana nayo. Kijana anayekwenda kukaa mwaka mzima kwa watu wa lugha nyingine anapaswa, kabla hajapanda ndege, awe ameshaishi wiki kadhaa kwenye nyumba ya familia isiyo yake, inayoongea lugha isiyo yake, huku akipewa kazi za pale nyumbani na akisahihishwa anapokosea. Si lazima nyumba hiyo iwe Ulaya. Inaweza kuwa Isamilo, hapa hapa Mwanza.

Wenzetu wameliona hili zamani. Mwaka 1932 Mmarekani Donald Watt alianzisha The Experiment in International Living, mpango uliokuja kujijengea jina kwa jambo moja, yaani kijana kuishi ndani ya familia ya nchi nyingine badala ya kuitazama nchi hiyo kupitia dirisha la hoteli. Leo mtoto wa sekondari wa Italia au Hispania hupelekwa wiki mbili tatu Ireland au Malta, asubuhi yuko darasani, jioni yuko mezani na familia mwenyeji. Akifika chuo kikuu ndipo anapochukua muhula au mwaka wa Erasmus, mpango wa Ulaya ulioanza mwaka 1987. Yeye ameanza na wiki tatu, akaja kwenye mwaka. Kijana wetu anaanza na mwaka.

Kinachonishangaza ni kwamba Mwanza si mji mgeni kwenye mambo haya. Tuna undugu wa miji na Würzburg ya Ujerumani tangu mwaka 1966, na tangu 1988 na Tampere ya Finland. Wanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya wamekuwa wakija hospitali ya Bugando. Tangu serikali ya Ujerumani ianzishe mpango wa weltwärts mwaka 2008, vijana wa Kijerumani wamekuwa wakija Tanzania kujitolea kwa mwaka mmoja, na wengi wao hufikia kwenye nyumba za watu. Kwenye ziwa hili hili, pale Makoko Musoma, wamisionari wa Maryknoll walikuwa na shule ya Kiswahili iliyofundisha wageni wengi kabla hawajapangiwa vituo. Kwa hiyo nyumba za ukanda huu zinajua mgeni wa lugha anavyokuwa. Tumepokea sana. Ila kile tulichokiona kwa wageni hatujakitumia kwa watoto wetu.

Na tumeona mengi. Jirani yangu mmoja wa Nyakato alimpokea binti wa Kijerumani. Wiki ya kwanza binti aliketishwa kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, sahani yake ikafunikwa kwa sahani nyingine, akaletewa kijiko wakati wote wanakula kwa mkono, na familia nzima ikamtazama anavyotafuna. Aliambiwa "karibu" kutwa nzima. Kiswahili chake kikabaki "asante" na "nzuri". Kisha dada wa kazi akapata msiba kwao Misungwi, akaondoka alfajiri, na mchana wakaletwa sato watatu wakubwa kutoka Mwaloni. Mama mwenye nyumba alikuwa peke yake, basi akamkabidhi yule binti kisu. "Shika mkia. Siyo hivyo, anzia mkiani uje kichwani. Sogea huku, magamba yanaruka. Geuza. Haya mwaga hayo maji. Siyo hapo! Kule, kwenye migomba." Ndani ya nusu saa binti alisikia vitenzi kuliko vyote alivyosikia wiki nzima, na kila kitenzi alikiona kikitendeka mikononi mwake. Kuanzia siku ile alihamia jikoni, na Kiswahili kikahamia naye.

Wahenga walishalisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huutumia msemo huu kumsema mgeni mvivu. Mimi nauona kuwa maelekezo mazuri ya kufundisha lugha ndani ya nyumba. Siku mbili za kitambaa na sahani iliyofunikwa zinatosha. Ikipita wiki mgeni bado ni mgeni, lugha imeshampita, kwa sababu mgeni anayeheshimiwa hasemeshwi mambo, anasemeshwa salamu.

Wanaouza safari za lugha hawalisemi hili. Wao huuza kitanda: chumba chako, milo miwili, intaneti, familia "yenye upendo". Sasa kitanda hakifundishi mtu lugha. Mtafiti William Rivers alichapisha mwaka 1998 uchambuzi wa wanafunzi wa Kimarekani waliokwenda kujifunza Kirusi nchini Urusi, akilinganisha waliokaa na familia na waliokaa mabwenini. Kila mtu alitegemea wa kwenye familia watoke wanaongea zaidi. Haikuwa hivyo. Kukaa na familia kuliendana na maendeleo madogo zaidi katika kuongea, hakukuleta tofauti katika kusikiliza, na kulisaidia katika kusoma. Ukiwaza kidogo utaona linavyowezekana. Chumba kina mlango. Mwanafunzi amechoka, anaingia, anafunga, anafungua kitabu. Wa bwenini hana pa kujificha.

Utafiti mwingine wa mwaka 2004, wa Barbara Freed na wenzake wawili, uliangalia Wamarekani waliokuwa wakijifunza Kifaransa. Kundi moja lilikwenda Ufaransa kwa muhula, la pili lilibaki Marekani kwenye kambi ya kiangazi ambako mwanafunzi hujifunga kutumia Kifaransa tu, la tatu liliendelea na darasa la kawaida. Waliopiga hatua kubwa zaidi katika ufasaha ni wale wa kambini, ambao hawakuvuka bahari. Sababu yenyewe ni nyepesi kuliko ukubwa wa matokeo: wa kambini walikitumia Kifaransa saa nyingi zaidi kwa wiki, na wale wa Ufaransa, wakitoka darasani, waliongea Kiingereza zaidi ya Kifaransa.

Huo ulikuwa mwaka 2004, kabla ya WhatsApp. Sasa mwanafunzi wetu anafika Ankara au Leipzig akiwa na kundi la ukoo, la waliosoma naye, la Watanzania wa mji ule, na la wapenzi wa Simba au Yanga. Jioni yake yote ni Kiswahili. Kimwili yuko ughaibuni, masikio yako Igoma.

Kwa hiyo wanaoniambia kwamba nyumba ya familia ndiyo dawa, siko nao. Nyumba ni nafasi tu. Inazaa matunda kukiwa na mambo matatu: kijana amefika na msingi wa lugha, ana kazi ya kufanya pamoja na watu wa nyumbani, na wenyeji wanakubali kumsahihisha. Hilo la kwanza halina mjadala mrefu. Asiyejua lolote akiingizwa kwenye nyumba ya watu anasikia kelele. Anahitaji walau A1, ya chini kabisa kwenye ngazi za Ulaya za kupima lugha, na afadhali A2, ndipo sentensi za jikoni zianze kumnasa. Msingi huo unapatikana kwa mwalimu, daftari na mazoezi, na hakuna familia inayoweza kuubeba.

Hapo pia ndipo hesabu inapotakiwa kuwa ya kweli. Idara inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji saa 900 za darasani, yaani wiki 36, kufika kiwango cha kazi katika Kijerumani, na saa 2,200 katika Kichina au Kiarabu. Sisi hatuanzii Kiingereza, kwa hiyo namba hizo si zetu, ila zinaonyesha ukubwa wa mzigo. Sasa chukua wiki sita kwenye familia na maongezi ya kweli ya saa tatu kwa siku, ambayo ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Unapata saa 126. Hazimpi mtu lugha. Zinampa sikio, zinampa ulimi usioogopa, na zinampa jambo jingine ambalo kwetu ni gumu kuliko sarufi. Hilo nataka nilikalie.

Mtoto aliyelelewa vizuri huku kwetu hufundishwa mapema kwamba mbele ya wakubwa mdomo ni wa kujibia. Anaamkia shikamoo, binti wa Kisukuma anapiga goti, kisha anakaa pembeni mpaka aulizwe. Mezani haongei. Hamkazii mkubwa macho. Haulizi "kwa nini", maana hilo ni swali la mtoto mjeuri. Akikaribishwa chakula kwa mara ya kwanza atasema ameshiba hata kama tumbo linamuunguruma, kwa sababu anajua atakaribishwa mara ya pili na ya tatu, na hiyo ya tatu ndiyo ya kunawa. Haya yote ni adabu, na sitaki mtu ayaache. Lakini mpeleke mtoto huyu kwenye meza ya familia ya Kijerumani uone.

Mama mwenyeji anauliza kama anaongeza viazi. Kijana anasema hapana, asante. Bakuli linaondoka na halirudi, maana kwao hapana ni hapana, na kumlazimisha mtu chakula ni kumkosea adabu. Baba mwenyeji anatoa maoni kuhusu serikali, anamgeukia kijana: wewe unaonaje? Kijana anatabasamu, anaangalia sahani. Kwetu lile ni jibu la heshima. Kule wanaanza kuulizana chumbani kama mtoto anaumwa, kama amechukia, kama hawapendi. Baada ya siku kumi hivi wanaacha kumuuliza, kwa wema kabisa, ili wasimsumbue. Na mwanafunzi wa lugha ambaye watu wameacha kumuuliza ni mwanafunzi aliyekwisha.

Nina hakika wengi waliorudi wakisema "Wazungu wabaridi" walipita mahali hapa. Hawakunyimwa upendo. Walitumia adabu ya Magu mezani kwa watu wa Bavaria, na hakukuwa na mtu wa kuwaeleza kwamba huko kijana anayeuliza maswali ndiye mwenye adabu. Jambo hili haliingii kichwani kwa semina ya siku moja ya kuagana. Linataka kufanyiwa zoezi, tena kwenye meza ambayo ukikosea haikugharimu viza.

Wenyeji nao wana makosa yao ya kiungwana. Sisi Waswahili hatumsahihishi mgeni. Mzungu akisema "mimi nakwenda jana soko" tunapiga makofi: "Unajua Kiswahili wewe!" Naye anaondoka na sentensi ile ikiwa imeshonwa kichwani. Mjerumani kosa lake ni jingine: akiona unahangaika, anakuhamishia kwenye Kiingereza ili kukusaidia. Wote wawili wana nia njema na wote wawili wanakunyima somo. Ndiyo maana familia mwenyeji inatakiwa iambiwe mapema, bila haya, kwamba mtoto huyu tumemleta asahihishwe na akikwama aachwe akwame kidogo.

Kuna swali jingine ambalo mawakala hulikwepa: nyumba hiyo inaongea lugha gani wakati hakuna anayesikiliza? Yule binti wa Nyakato alikuja kwa ajili ya Kiswahili. Bibi alipofika kutoka Kwimba na gunia la michembe, nyumba nzima ilihamia Kisukuma kwa wiki mbili, na binti akawa anawaamkia watu mwangaluka, salamu ya asubuhi, mpaka saa moja jioni, wakati wa mwadila. Hakuna aliyemdanganya, ndivyo nyumba za Mwanza zilivyo. Ukienda Ukerewe utakuta Kikerewe, ukienda ng'ambo ya Musoma utakuta Kijita.

Ya huku ni sawa na ya kule. Kijana wa Mwanza akipata familia Würzburg atakuta babu wa pale anaongea Kifrankoni, lahaja inayolainisha p, t na k mpaka zinasikika kama b, d na g, na Kijerumani cha darasani kinaonekana kama hakikuwahi kufundishwa. Mzazi anayetaka Kifaransa cha karibu anaweza kuwaza Bujumbura, maana basi linapita Kahama, unavuka mpaka wa Kabanga na umefika kwa bei ya kawaida. Wazo si baya. Lakini Kifaransa cha Burundi kinakaa ofisini na shuleni. Nyumbani ni Kirundi, na ukifikia mtaa kama Buyenzi utaongea Kiswahili hicho hicho ulichotoka nacho. Kampala vilevile: Kiingereza kipo barabarani na chuoni, jikoni ni Kiganda. Ukitaka nyumba ya Kifaransa au Kiingereza kwenye miji hii, itafute kwa jina la familia. Jina la nchi halitoshi.

Nasikia msomaji anasema kwamba nchi nyingine zimeshalitatua hili, zinampa mwanafunzi mwaka mzima wa lugha. Ni kweli. Ufadhili wa serikali ya Uturuki una mwaka wa Kituruki kabla ya shahada. Japani nayo humpa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayefadhiliwa na serikali mwaka wa maandalizi. Ni msaada mkubwa. Lakini mwaka huo kijana anaishi hosteli, pamoja na wageni wengine waliotoka kila upande wa dunia, na wageni wakikutana hosteli huongea Kiingereza kilichovunjika. Darasani lugha inapanda, nje ya darasa inabaki chini. China ndiyo inaumiza zaidi. Wapo vijana wetu wanaosoma udaktari huko kwa Kiingereza, wakajiona wamepona na Kichina. Ukifika wakati wa mafunzo wodini, mgonjwa aliyelala kitandani hazungumzi Kiingereza, na maumivu yake hayasubiri mtafsiri.

Turudi kwenye pesa, maana ndiyo lugha ambayo wazazi tunaielewa haraka. Anayetaka viza ya masomo Ujerumani kwa gharama zake huonyesha akaunti iliyozuiwa, yaani ya benki ambayo pesa zake hutolewa kidogo kidogo kila mwezi, na kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, sawa na euro 992 kwa mwezi. Kijana akitumia miezi miwili ya mwanzo kwa kujifungia chumbani na kuogopa kwenda hata duka la mkate, amekula karibu euro 2,000 akijifunza woga ambao angeweza kuumaliza Isamilo kwa gharama ya unga, samaki na nauli ya daladala.

Sasa Isamilo kwa nani? Hapa ndipo watu huniona naota. Lakini angalia. Mji huu una wanafunzi waliorudi kutoka nje ambao nyumbani kwao lugha hiyo bado ina joto. Una nyumba ambazo wazazi wamekutana masomoni na watoto wanaongea Kiingereza tangu asubuhi. Una watawa na mapadri waliotoka Ujerumani, Kanada, Ufaransa. Padri David Clement, Mkanada aliyejenga makumbusho ya Bujora pale Kisesa, alijifunza Kisukuma kwa kukaa na Wasukuma, si kwa kuwatazama. Na una wale vijana wa kujitolea wanaokaa mwaka mzima majumbani kwetu bila mtu kuwaomba chochote isipokuwa picha.

Hao wa mwisho nawataja kwa tahadhari. Wamekuja kujifunza Kiswahili, na ukiwageuza walimu wa bure wa Kijerumani umewaibia safari yao. Ila mapatano ya haki yanawezekana: kifungua kinywa Kijerumani, chakula cha usiku Kiswahili, na katikati kila mtu ashike lake. Kijana wa kidato cha sita akikaa kwenye nyumba hiyo wiki sita anapata anachokitaka na mgeni hapotezi chake. Kwa Kichina sioni njia rahisi kama hiyo. Wachina wa miradi ya reli na barabara huishi kambini, si kwenye familia, na kijana wa kwenda China itabidi amalize HSK, mtihani wa Kichina, kwa mwalimu, halafu atafute familia akishafika kule.

Mtu asidhani haya yote ni mambo ya Kizungu. Mwanza imejengwa na watoto waliokaa kwenye nyumba za watu. Mtoto wa Ngudu kule Kwimba analetwa kwa shangazi Igoma aanze sekondari, anafika na Kisukuma kitupu na aibu nyingi, anatoka baada ya miaka minne anaongea Kiswahili cha mjini na anajua kupanda daladala usiku. Shangazi hakuwa na mtaala. Alimtuma dukani, akamtuma mashineni, akamfokea, akamcheka, akamrudisha tena dukani kwa sababu alileta chumvi badala ya sukari.

Lakini sote tunajua na nyumba ya pili, ambayo mtoto wa ndugu aligeuzwa mtumishi asiyelipwa. Anaamka saa kumi, anaosha vyombo vya watu kumi, anakula mwisho, na haongeleshwi isipokuwa kuagizwa. Huyo alikuwa na jembe tangu siku ya kwanza na hakujifunza kitu zaidi ya kunyamaza. Kazi bila maongezi haifundishi, kama ambavyo kitanda bila kazi hakifundishi. Mzazi anayempeleka mwanawe kwenye familia, iwe Kirumba au Köln, lazima aulize saa za kazi, pa kulala, mlango una ufunguo wa nani, paspoti inakaa kwa nani, na kama kuna mtu wa tatu ambaye mtoto anaweza kumpigia simu usiku bila familia kujua. Kwa binti, maswali hayo si ya hiari.

Wajerumani wenyewe wameweka mstari huo kwa maandishi kwenye utaratibu wao wa au pair, wa kijana kukaa na familia akisaidia watoto na kazi za nyumbani, ambao vijana wetu wengi huutumia kama mlango wa kuingilia. Kijana awe na miaka 18 mpaka 26, awe na Kijerumani cha A1 kabla ya viza, asifanyishwe kazi zaidi ya saa 30 kwa wiki, alipwe posho ya euro 280 kwa mwezi, na familia ichangie ada ya darasa la lugha. Nimewahi kusikia mzazi akiulaumu utaratibu huo kwamba ni uhausigeli wa Ulaya. Inawezekana, kwa familia mbovu. Kwa familia nzuri ndiyo maandalizi bora ya chuo ambayo kijana wa kawaida wa Mwanza anaweza kuyapata bila ukoo kuuza ng'ombe, kwa sababu anapata mambo yote matatu kwa pamoja: msingi, kazi na meza ya kusahihishwa. Ubaya wake ni kwamba wengi huenda na A1 ya kukariri, iliyofaulu mtihani na haijawahi kuomba chumvi.

Ningekuwa na mamlaka, ningeanza na kitu kidogo. Undugu wa Mwanza na Würzburg umeshapita nusu karne na umefanya mengi hospitalini na mashuleni. Wanaoratibu wageni pande zote mbili tayari wana orodha ya familia zilizowahi kupokea. Orodha hiyo hiyo itumike kwa vijana wetu wanaosubiri safari: wiki sita, kuanzia katikati ya Julai baada ya matokeo, kwa yeyote mwenye A1 mkononi na barua ya chuo. Wanaoitwa JKT wapangiwe wakishamaliza. Familia ilipwe gharama ya chakula, isahihishe, ikague simu inakaa wapi saa za kula. Mwalimu wa lugha apite mara moja kwa wiki, akae jikoni, asikilize, aondoke na makosa ya kufanyia kazi darasani. Mzazi wa kijana asiruhusiwe kupiga simu kila jioni. Najua sharti hilo la mwisho ndilo litakaloleta ugomvi, hasa kwa kina mama, na ndilo nisingelilegeza.